Kuku Aliyekula Uzito wa Ndege

"Mjomba, mbona wewe hukuwa unamwangalia yule kuku?"

Swali hilo nilimuuliza Mjomba Halfani tukiwa njiani kurudi Chanji, mtaa wetu wa Sumbawanga, kutoka kijiji cha Kasense, mvua ya kwanza ya mwaka ikitupiga migongoni. Nilikuwa mdogo, shule sijaanza. Mjomba alikuwa amebeba bawa lililovunjika, amelifunika kwa koti lake kana kwamba bado lingeweza kuharibika zaidi. Hakunijibu. Nilidhani mvua imemziba masikio. Kumbe alisikia vizuri tu.

Watu wa mjini wakiisimulia habari hii huanzia kwenye kuku. Mimi nitaanzia nyuma kidogo, maana asiyemjua mjomba hataelewa kwa nini mtu mwoga kama yeye alifanya jambo la kutisha kama lile.

Mjomba Halfani ni mdogo wake mama. Babu yangu, Mzee Abdala, alikuwa na duka hapa Sumbawanga na lori moja la kupeleka chumvi na vitambaa vijijini na kurudi na mahindi na ulezi. Alitaka mwanawe akae dukani. Lakini mjomba akikaa dukani hufungua mizani aone ndani kuna nini. "Huyu," babu alikuwa akiwaambia wateja, "mpe saa nzima, atakurudishia bakuli la vyuma." Mwishowe akampandisha kwenye lori awe utingo, na kutoka kwenye lori akapata kazi kambi ya nzige, kule chini bonde la Rukwa, ambako ndege ndogo za serikali zilikuwa zikiruka kutafuta makundi ya nzige. Kazi yake ilikuwa kuosha ndege na kumimina mafuta. Hakuwahi kupanda hata moja. Aliogopa. Lakini kuziangalia hakuchoka.

Kambini kulikuwa na rubani mmoja kijana, Mzungu, ambaye jioni alikuwa akiunda vindege vya kuchezea, kisha anavirusha kwa redio. Alipomaliza mkataba akamwachia mjomba sanduku. Mjomba akalileta nyumbani juu ya lori la babu, amelikalia njia nzima.

Nilikuwepo lilipofunguliwa kwenye stoo ya nyuma ya duka. Ndani mlikuwa na injini ndogo kama ngumi ya mtoto, karatasi za michoro, bati la mafuta, na vijiti vya mti mwepesi mno, ambavyo karibu vyote vilikuwa vimevunjika njiani. Na redio mbili: moja sanduku zito lenye fimbo ndefu ya chuma na kitufe kimoja, nyingine ndogo ya kuwekwa tumboni mwa ndege.

Mama, Mwasiti, ni fundi cherehani na haogopi maswali.

"Kwa hiyo ndege haina mtu ndani?"

"Haina, dada."

"Na haina kamba?"

"Haina."

"Sasa itakusikiaje?"

"Itasikia redio. Mimi nabonyeza huku, usukani wa mkiani unapinda kule."

Mama akatazama mlango wa stoo, akaenda kuufunga. "Halfani," akasema kwa sauti ya chini, "usimwambie mtu."

Ukisoma haya ukiwa mbali na kwetu unaweza kucheka. Lakini hapa Sumbawanga kitu kinachoruka bila mtu hakihitaji kutafutiwa jina. Watu wanalo tayari, na hawalitaji kwa sauti. Na mtu anayeelekeza chuma mawinguni anaeleweka anaita nini. Mwaka uliotangulia fundi viatu mmoja alitajwa kwamba ndiye aliyetuma radi ikaua ng'ombe wa jirani. Asubuhi paa lake lilikuwa majivu. Yeye alikimbia mapema. Mkewe hakuwahi, na waliomkuta walimpiga yeye. Mama alimshonea nguo za kuvaa baada ya hapo, kwa kuwa zake zilikuwa zimechanwa zote.

Basi wakaunda ndege yao kwa siri, mlango umefungwa. Vijiti vilivyovunjika mjomba alivitengeneza upya kwa ule mti mwepesi wanaoutumia wavuvi wa ziwa Rukwa kutengenezea maboya, na mahali penye kuhitaji nguvu akaweka mianzi iliyopasuliwa. Mama akatoa shela lake la harusi, la hariri, akalikata, akalivuta juu ya mabawa na kuligandisha kwa uji wa muhogo, kisha vanishi. Yakawa yamekaza kama ngoma. Nikiyagonga kwa kidole yanalia, na mama ananipiga mkono.

Shida ikaja kwenye kuipima. Ndege, mjomba alinieleza, ni lazima ikae sawa ukiiinua kwa ncha za vidole viwili, kimoja chini ya kila bawa, kwenye alama. Pua iiname kidogo tu, kama ng'ombe anayenusa maji. Ikiwa mkia ni mzito, ndege itapanda juu, itasimama hewani, itaanguka. Na mkia wa ndege yetu ulikuwa mzito, kwa sababu ya ile mianzi. Kila alipoiinua ilikaa kitako kama mbwa.

"Weka misumari puani," mama akasema.

"Msumari ni mwingi au haupo. Nataka kitu ninachoweza kuongeza chembe kwa chembe."

Akaenda dukani, akarudi na ulezi mkononi. Akashona mfuko mdogo wa kitambaa, akaufunga nyuma ya injini, chini kidogo ya tangi la mafuta, akawa anamimina ulezi, anainua, anapunguza kwa ncha ya ulimi uliolowana, anainua tena. Mpaka pua ikainama namna aliyotaka. Akatabasamu. Mimi nikaona ni jambo la kawaida kabisa. Nani kwetu hana ulezi?

Kisha akajifunza kitufe. Ukibonyeza mara ya kwanza, ndege inakata kushoto, ukiachia, inanyooka. Ukibonyeza tena, kulia. Halafu kushoto tena. Redio haikukumbushi ulipoishia, unakumbuka mwenyewe. Siku nzima mjomba alipita akinong'ona "kushoto, kulia, kushoto, kulia," hadi babu akauliza kama mwanawe amekuwa askari wa mlango wa boma.

Walichagua Jumapili asubuhi, na uwanja wa nyasi karibu na Kasense, kwa kuwa pale hakuna mti hata mmoja. "Na Wakristo wote watakuwa misani," mjomba akasema. "Hatakuwepo wa kutuona." Alikuwa amefikiria kila kitu isipokuwa kitu kimoja ambacho mtoto yeyote wa Kikatoliki wa Kasense angemwambia. Mvua zilikuwa zinakaribia. Jumapili ile ilikuwa ya kubariki mbegu. Kila nyumba ilikuwa imepeleka kanisani kikapu cha mbegu zake, na baada ya misa watu hawakubaki kuzungumza. Walitoka pamoja, wanaimba, vikapu vichwani, wakaja moja kwa moja kuelekea mashambani.

Sisi hatukuwasikia. Injini ilikuwa inalia.

Mama ndiye aliyeirusha. Mjomba alikuwa ameshika lile sanduku kifuani, fimbo ya chuma imesimama juu ya kichwa chake, na midomo yake ilikuwa myeupe. Juu ya milima ya Mbizi wingu lilikuwa limeshaanza kujaa, jeusi chini. "Irushe, dada. Ielekeze upepo unakotoka. Usiisukume juu." Mama akakimbia hatua chache, akaiachia.

Ikaenda! Ilizama kidogo, nikafumba macho, nikafumbua, na ilikuwa inapanda, ndogo, nyeupe, shela la mama likipenya mwanga. Mjomba akabonyeza. Ikakata kushoto. Akaachia, ikanyooka. Akabonyeza, ikakata kulia. Nilimsikia akicheka, kicheko chembamba cha mtu anayetaka kulia.

Hapo ndipo tuliposikia mayowe.

Watu walikuwa wamejitokeza kwenye kilima kidogo, na ndege ilikuwa inapita juu ya vichwa vyao ikinguruma kama nyigu mkubwa. Vikapu vilianguka. Wanawake walijilaza juu ya watoto wao. Na waliotazama waliona kule chini mtu mmoja ameinua chuma mbinguni, na Mbizi ikajibu kwa ngurumo.

"Irudishe!" mama akapiga kelele. "Halfani, irudishe!"

Mjomba alikuwa ameganda. "Ni upande gani?" akasema. "Dada, ni kushoto au kulia? Nimeishia wapi?"

Akabonyeza. Ndege ikakata upande ambao siwo, ikalala kwa bawa, ikaendelea kuzunguka chini, chini, mpaka ikajikita kwa pua katika shamba lililolimwa tayari, likingoja ulezi.

Shamba lilikuwa la Mzee Modesti. Alikuwa mtu mzima, mpole, ambaye hata sasa akija mjini hunisalimia kwa jina. Siku ile hakuwa na sura ya upole. Tulipofika, na watu wakatufikia, alikuwa amesimama juu ya ndege amenyoosha kidole. Pua ilikuwa imepasuka. Mfuko umechanika. Ulezi ulikuwa umemwagika kwenye udongo wake.

"Mbegu," akasema. "Kimekuja kupanda mbegu shambani mwangu."

Waliokuwa mbele wakarudi nyuma hatua moja. Nilikuwa mdogo lakini nilijua hilo ni baya kuliko mayowe. Baadaye mama alinieleza: mwaka ule uliopita shamba la Mzee Modesti lilizaa nusu, na watu waliamini kuna mtu anayevuta mazao ya wenzake kwa kupanda kwao mbegu yake. Na sasa mbegu imekuja yenyewe, kutoka hewani, siku ileile ya kubariki mbegu.

"Ni uzito tu, mzee," mjomba akasema. "Wallahi. Ni wa kusawazisha pua. Pua ilikuwa nyepesi..."

"Pua ya nani?" mtu akauliza nyuma.

"Ya ndege."

"Ndege gani yenye pua, we kijana?"

Hakuna aliyecheka. Majembe yalikuwa mengi. Mtu mmoja akamnyang'anya mjomba lile sanduku na kulirusha mbali, na fimbo ikapinda.

Jumbe wa pale, Eustaki, akafika akihema. Akachuchumaa, akagusa ulezi, akanusa vidole, akakunja uso. Mama mzazi wa Modesti, Bibi Kalista, alikuwa amemshika mwanawe mkono. Bibi yule alikuwa anatetemeka kuliko sisi.

"Zamani," Bibi Kalista akasema, "angepewa kuku mwavi, ile sumu ya kumjua mchawi. Kuku akifa, tumejua. Akipona, tumejua."

"Mwavi serikali imeukataza, mama," jumbe akasema. "Bwana Shauri, yule mkubwa wa wilaya, atanivua kofia hii." Akafikiri. "Lakini serikali haijakataza kuku kula ulezi."

Walikubali wote, haraka, kama watu waliopewa maji. Jumbe akachota ulezi uliobaki mfukoni na kwenye udongo, akaufunga kwenye leso. "Kama ni ulezi wa dukani kama anavyosema, kuku atakula na kushiba. Tutangoja mpaka ile mvua itufikie. Mvua ikimkuta kuku hai, mtakwenda zenu. Ikimkuta amekufa..." Hakumaliza.

Mama akamsogelea mjomba, akaongea bila kufungua midomo. "Tangi limepasuka. Ulezi wote umelowa mafuta."

"Najua."

"Waambie."

"Niwaambieje? Nikisema una sumu, nimesema nimewaletea sumu."

Mafuta yale yalikuwa na mafuta ya taa, na mafuta ya nyonyo, na ile dawa ya hospitali ya kuwalaza wagonjwa wanaopasuliwa. Mjomba ndiye aliyeyachanganya. Mtu mzima akiyanusa kwa karibu kichwa kinamzunguka.

Wakatupeleka uani kwa Modesti. Nauona ua ule hata sasa: nyumba upande mmoja, ua wa mabua kuzunguka, na kwenye kona kihenge cha nafaka kilichoinuliwa juu ya miti, na kando yake ua una mwanya mwembamba wa kutokea nje. Bibi Kalista akaleta mtetea wa kijivu, akamwachia katikati. Jumbe akamwaga ulezi.

Kuku akala. Alikula kwa furaha, mjinga yule, tuktuk, tuktuk, hakuacha punje. Watu walisimama duara, wamemkazia macho. Wingu lilikuwa limeshashuka kutoka Mbizi, na chini yake mvua ilionekana imesimama kama ukuta wa kijivu, inatembea kuja kwetu.

"Dada," mjomba akasema, "sogea kule kwenye kihenge. Jua litakuumiza."

"Jua liko wapi?"

"Sogea tu. Na umbebe mtoto."

"Mtoto mkubwa huyu, Halfani."

"Mbebe."

Mama akaniweka mgongoni, akanifunga kwa kanga kama kitoto kichanga. Niliona aibu. Tukasimama karibu na kihenge.

Kuku akaacha kutembea. Akasimama mguu mmoja, akayumba. Akatafuta mguu wa pili, akaukosa. Akakaa. Sauti ikatoka kwa watu, kama mtu mmoja anayevuta pumzi. Shingo yake ikaanza kushuka, inashuka, anaishtua, inashuka tena, mpaka mdomo ukagusa udongo. Utando ukafunika jicho.

"Anakwenda," mtu akasema.

Mzee Modesti alikuwa analia. Nakumbuka hilo. Sikuelewa kwa nini alie yeye. Wanaume wawili walikuwa wamesogea nyuma ya mjomba, mmoja na mpini wa jembe. Nilihisi moyo wa mama kupitia mgongo wake, unagonga kifua changu. Upepo wa mvua ukafika kwanza, baridi, ukazigeuza nyoya za kuku kinyumenyume, na kuku hakushtuka.

Nikamtazama mjomba. Kila mtu pale, hata watoto, hata mbwa, alikuwa anamwangalia kuku. Mjomba peke yake hakumwangalia. Alikuwa ametazama upande wetu, lakini si mimi, si mama. Kando yetu kidogo. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu anayefanya hesabu.

Matone ya kwanza yakaanguka, makubwa. Moja, mavumbini. Jingine. Jumbe akapiga magoti kando ya kuku na kunyoosha mkono.

Kisha mvua ikaja yote kwa pamoja, na kuku, ambaye maji yalimpiga kichwani, akafumbua jicho, akapiga kelele kali kama amechinjwa, akainuka, akakimbia upandeupande kama mlevi, akagonga mguu wa jumbe, akaanguka, akainuka, akaingia chini ya kihenge miguuni kwetu. Akaharisha pale pale.

"Yuko hai," akasema Mzee Modesti. Akarudia, akipaza sauti juu ya mvua. "Yuko hai!"

Mtu mmoja akacheka, kisha wengi, kicheko cha watu waliochoka. Bibi Kalista akafanya ishara ya msalaba, akamjia mjomba, akamshika mikono yote miwili. "Nenda, mwanangu. Na kile kidude chako usikirudishe huku."

"Sikirudishi, shikamoo bibi," mjomba akasema. Alichanganyikiwa hata mahali pa kuweka shikamoo.

Hakukirudisha. Hakuunda kingine. Leo ni fundi wa malori nyuma ya duka la babu, na Mzee Modesti humletea baiskeli yake. Watu wanasema Halfani alikuwa na moyo safi: mwenye hatia angemkodolea macho yule kuku, lakini yeye aliangalia pembeni kama mtu aliyealikwa harusi. Wanalisema hilo sokoni, mbele yake, wanampiga begani. Yeye huchukua vitu vyake na kuondoka. Ngurumo ikipiga Mbizi huacha kazi na kuingia ndani, na hasogei mlangoni mpaka iishe.

Likizo hii nimerudi kutoka shule ya kati, na juzi nilimpelekea chai. Alikuwa amelala chini ya lori, inaonekana miguu tu. Nikaiweka chai juu ya gurudumu la akiba, nikachuchumaa, nikamuuliza lile swali tena, kwa maneno yaleyale. Mbona hukuwa unamwangalia kuku?

Spana ikaacha kulia. Miguu ikatulia.

"Kuku nilishamkatia tamaa," akasema. "Mafuta yale niliyachanganya mwenyewe, nilijua atakufa. Nilikuwa naangalia ule mwanya wa kihenge, napima kama mama yako atapenya na wewe mgongoni kabla hawajanimaliza mimi."